MWANAFUNZI APIMWE, NA SIRI YAKE ITUNZWE

Mwanafunzi anapoingiwa na shaka kwamba huenda ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, mbele yake ipo milango miwili. Wa kwanza ni mlango wa zahanati, ambako atapimwa, ataambiwa ukweli na kupewa dawa inayofaa. Wa pili ni mlango wa duka la dawa, ambako atanunua vidonge kwa kubahatisha na kuondoka bila kujua anaumwa nini. Katika Mkoa wa Singida, kama katika mikoa mingine ya nchi yetu, wapo vijana wasio haba wanaouchagua mlango wa pili. Tukidhani kwamba wanafanya hivyo kwa sababu ya ujinga peke yake tutakuwa tumejidanganya. Wengi wamekwisha kusoma habari za magonjwa haya darasani. Wanalolihofia ni kuonekana, kuulizwa mbele za watu, na kusikia kesho habari zao zikisemwa sokoni.

Jambo hili halimhusu mwanafunzi na mganga wake tu. Latuhusu sisi sote, maana karani wa mapokezi, muuguzi, mwalimu, dereva, mjumbe wa nyumba kumi na mzazi ndio watu wanaoufanya mlango ule wa kwanza uwe mpana au uwe mwembamba.

Yafaa kwanza tuitazame Singida yenyewe. Mkoa huu uko katikati ya nchi. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza yapita Manyoni, Singida mjini na Shelui, na reli ya kati yapita Manyoni na Itigi. Huko Sekenke, katika Wilaya ya Iramba, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Wakati wa mavuno ya alizeti na vitunguu wanunuzi huja kutoka kila upande wakiwa na fedha mkononi. Haya yote ni heri kwa uchumi wa mkoa, wala hatuwalaumu madereva, wachimbaji au wafanyabiashara, ambao ni wafanyakazi wenzetu. Lakini palipo na njia kuu, na fedha, na watu walio mbali na nyumba zao, maradhi ya zinaa nayo hupata njia.

Katika njia hiyohiyo wapo watoto wetu. Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2006, kwa michango na nguvu za wananchi, ziliwafungulia elimu maelfu ya vijana ambao wazazi wao hawakuipata. Kata za Singida ni pana, na si kila shule ina bweni. Kwa hiyo wako wanafunzi wanaopanga vyumba karibu na shule, wakijipikia na kujilinda wenyewe kabla ya umri wao. Mjini Singida wako pia wanachuo wa Taasisi ya Uhasibu na wa VETA, watu wazima kwa sheria, lakini wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kuishi mbali na macho ya wazazi. Msichana aliyepungukiwa na unga na mafuta ya taa, naye yuko peke yake chumbani, ni rahisi kuangukia mikononi mwa mtu mzima mwenye fedha. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana yamhesabu mtu huyo kuwa mbakaji ikiwa msichana hajatimiza miaka 18 naye si mkewe. Basi tunaposema habari za mwanafunzi aliyeambukizwa, tusimwone kila mara kuwa mkosaji. Mara nyingine yeye ndiye aliyekosewa, na anahitaji ulinzi wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pamoja na dawa.

Hatari ya maradhi haya ni kwamba mengi huja kimya. Klamidia yaweza kukaa mwilini mwa mwanamke miezi mingi bila maumivu wala dalili, huku ikiharibu mirija ya uzazi, na mwenye nayo asijue mpaka siku atakapoolewa na kukosa mtoto. Kisonono kwa wanaume huonekana upesi, lakini kwa wanawake wengi hakionekani. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, kidonda hicho hupona chenyewe, na mgonjwa hushukuru akidhani amepona, kumbe ugonjwa umeingia ndani zaidi. Mwanamke mja mzito mwenye kaswende aweza kumpoteza mtoto tumboni au kumzaa akiwa mgonjwa. Virusi vya UKIMWI navyo hukaa miaka kadhaa bila kumlaza mtu kitandani. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, na hapa msemo huo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa.

Wala tusidhani kwamba haya ni maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizo mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu ya zinaa, yaani kaswende, kisonono, klamidia na trikomonasi. Yote manne yanatibika. Kwa upande wa VVU, uchunguzi uliofanywa nchini katika miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi hivyo, wapatao 83 tu ndio waliokuwa wakijua hali yao. Hao 17 waliobaki hawakuwa wabaya kuliko wenzao. Walikuwa hawajapimwa, au walipimwa zamani wakaridhika na jibu la zamani.

Na kupimwa kwenyewe ni jambo dogo. Kwa VVU na kaswende huchukuliwa tone la damu kidoleni, na majibu hupatikana kabla mtu hajaondoka kituoni. Kabla ya kipimo kuna ushauri nasaha, na baada yake pia. Kipimo cha VVU na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa mara moja bila kungoja adhoofike. Anayetumia dawa hizo sawasawa huishi, husoma, hufanya kazi na kuzaa watoto wasio na virusi.

Lakini kuna mambo ambayo mwanafunzi yampasa kuyajua kabla hajafika. La kwanza, damu haitoi ushahidi wa VVU siku ya pili. Aliyejiweka hatarini wiki iliyopita akapimwa leo na kukutwa salama, yampasa kurudi baada ya miezi mitatu ndipo awe na hakika. La pili, ikiwa hatari hiyo ilitokea jana au juzi, hasa ikiwa alilazimishwa, asingoje hata kidogo. Ziko dawa za kuzuia VVU visimshike, nazo lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. La tatu, zahanati nyingi hazina maabara ya kupimia kisonono na klamidia, kwa hiyo mganga hutibu kwa kufuata dalili anazoelezwa. Akificha dalili, au asipozisema zote, atapewa dawa ya ugonjwa mwingine. Naye asiye na dalili lakini ana sababu ya kuwa na shaka, aiseme wazi sababu hiyo, aombe kipimo cha kaswende pamoja na cha VVU, na aulize ni hospitali gani iliyo na maabara ya vipimo vinavyobaki.

Vidonge vya kubahatisha havifanyi kazi hiyo. Dawa isiyo yake haiondoi ugonjwa. Nusu ya dawa iliyo yake hupunguza dalili na kuviacha vijidudu hai, navyo hujifunza kuishinda dawa. Kisonono kimekwisha kushinda dawa kadhaa zilizokuwa zikikitibu zamani, na ikiwa tutaendelea kugawa vidonge kama pipi, watoto wetu watakosa hata hizo zilizosalia.

Sasa twauliza: ikiwa kupimwa ni rahisi na dawa zipo, kwa nini kijana apite mbele ya zahanati usiku kama mwizi, asiingie? Jibu moja limo katika historia ya shule zetu wenyewe. Kwa miaka mingi wasichana katika shule nyingi nchini walipangwa mstari na kupimwa mimba kwa lazima, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya kujifungua aruhusiwe kurudi kusoma, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini somo lililofundishwa kwa miaka yote ile halifutiki kwa tangazo la siku moja. Wasichana walijifunza kwamba kipimo ni mtego, na kwamba mtu mwenye koti jeupe aweza kuwa shahidi wa mashtaka. Wavulana nao walitazama wakajifunza vilevile.

Sheria ya nchi haikubaliani na mtego huo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 yasema kwamba kupimwa VVU ni kwa hiari, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa humo kama vile amri ya mahakama, na kwamba majibu ni siri ya aliyepimwa. Yakataza pia kumbagua mtu kwa ajili ya hali yake. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha sheria hiyo, na tangu hapo kijana aliyefikia miaka 15 aweza kupimwa VVU kwa ridhaa yake mwenyewe, ambapo hapo awali umri ulikuwa 18. Marekebisho hayohayo yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, ingawa anayeona dalili ya virusi katika kipimo cha kujipima sharti aende kituoni kuhakikishiwa. Sheria basi imekwisha kufungua mlango. Anayesimama kizingitini akiuziba ni mwanadamu.

Wako watu wasemao kwamba kumrahisishia mwanafunzi kipimo ni kumpa ruhusa ya uasherati. Hawa tunawaheshimu, maana wengi ni wazazi wanaojali maadili ya watoto wao, nasi hatuna ugomvi na mzazi anayemfundisha mwanawe kungoja. Lakini kijana afikapo zahanati, jambo lenyewe limekwisha kutokea. Kumrudisha bila dawa hakumrudishii usafi aliouacha. Kunamwachia ugonjwa, na kuna mwenzake ambaye atauchukua, na mwenzake wa huyo mwenzake. Mzazi aliyemlea mwanawe vizuri hapotezi kitu mwana huyo anapotibiwa upesi.

Wako wengine wasemao kinyume: basi wanafunzi wote wapimwe kwa lazima, shule nzima, siku moja, tumalize mambo. Hawa wanasahau sheria, na wanasahau pia mafunzo tuliyokwisha kuyapata wenyewe. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, watafiti wa nchi hii na wa nje walifanya jambo la kawaida kabisa. Walichukua zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo, wakawafundisha wafanyakazi wake kutibu magonjwa ya zinaa, wakahakikisha kwamba dawa hazikosekani, wakawatembelea mara kwa mara, na wakawaambia wananchi waje mapema. Sehemu sita zilipata huduma hiyo kwanza, na sehemu sita nyingine zikangoja zamu yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995, na ulimwengu wote wa tiba uliyasikia. Katika sehemu zilizohudumiwa maambukizo mapya ya VVU yalipungua kwa kadiri ya asilimia 40 kuliko katika sehemu zilizongoja.

Miaka michache baadaye, huko Rakai nchini Uganda, wataalamu walijaribu njia nyingine, yaani kuwapa dawa watu wazima wote, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kumi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba baadhi ya magonjwa ya zinaa yalipungua, lakini VVU havikupungua. Wataalamu walitaja sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni kwamba UKIMWI ulikuwa umekwisha kuenea zaidi Rakai kuliko Mwanza. Lakini sisi watu wa kawaida twaweza kuokota funzo moja bila kukosea sana: msafara upitao mara moja kwa mwaka hauwezi kushika mahali pa zahanati iliyo wazi kila siku, yenye dawa kabatini na mtu anayemsikiliza mgonjwa wakati anapoumwa. Wafanyakazi wa vijijini Mwanza waliweza kazi hiyo, na wa Singida wanaiweza.

Tunasema haya tukijua kwamba mwaka 2007, tarehe 14 Julai, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa VVU hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ili kuwatia moyo wananchi. Lilikuwa tendo la ushujaa na liliwavuta wengi. Lakini yafaa kutofautisha. Kiongozi huweza kupimwa mbele ya umati, kwa kuwa anao umati unaomheshimu. Mtoto wa kidato cha tatu hana heshima ya akiba. Kwake yeye siri ndiyo ngao, na akinyang'anywa hiyo hana kingine cha kujifunika.

Kwa hiyo tunawaambia wafanyakazi wa afya wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida: kazi yenu ni ngumu, foleni ni ndefu na mara nyingine vitenganishi hukosekana, nasi hatutaki kuwatwika lawama zisizo zenu. Lakini kuna mambo yasiyohitaji fedha ya Hazina. Karani asiulize dirishani, mbele ya foleni, mgonjwa anaumwa wapi. Mlango wa chumba cha mganga ufungwe wakati kijana anasema. Zitengwe saa za jioni baada ya masomo, ili mwanafunzi asilazimike kuomba ruhusa shuleni na kueleza sababu. Jina lililoandikwa daftarini libaki daftarini. Muuguzi anayelitoa nje, hata kwa nia ya kumwonya shangazi wa mtoto, amefunga mlango kwa watoto wengine ishirini ambao watasikia yaliyompata mwenzao.

Walimu nao tunawaomba wasidai kuona majibu. Mwalimu atakayeambiwa na mwanafunzi kwamba anakwenda kupimwa, ampe ruhusa kama ambavyo angempa anayeumwa jino, kisha anyamaze. Tena afundishe darasani, kwa maneno ya heshima lakini ya wazi, dalili ni zipi, kituo kiko wapi na saa 72 maana yake nini. Wajumbe wa nyumba kumi wanajua vyumba vinavyopangwa na wanafunzi katika mitaa yao. Wavilinde dhidi ya watu wazima wanaobisha hodi usiku, na wasigeuze ulinzi huo kuwa upelelezi wa nani alionekana zahanati.

Wazazi, tunajua uchungu wenu. Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ameambukizwa huvunjika moyo, na hasira huja kabla ya huruma. Lakini mkumbuke kwamba mtoto aliyediriki kusema amekwisha kuvuka mto mkubwa, na akipigwa baada ya kuvuka hatavuka tena. Apelekwe kwanza kutibiwa. Maonyo yana siku yake, na mtoto aliyepona huyasikia vizuri zaidi. Ikiwa nyuma ya ugonjwa huo yuko mtu mzima, msikubali mbuzi wala fedha za kumaliza maneno nyumbani. Mtu huyo akiachwa leo, kesho yuko katika chumba cha mtoto wa jirani.

Na ninyi wanafunzi, mna wajibu wenu pia, maana siri mnayoidai ina bei yake. Anayepewa dawa azimalize hata kama maumivu yamekoma siku ya pili. Amwambie mwenzake ili naye atibiwe, kwa maana kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kuchota maji kwa pakacha. Asirudie tendo hilo mpaka wote wawili wamepona. Arudi kupimwa siku aliyoambiwa. Na asiyekutwa na ugonjwa aitumie bahati hiyo kujitunza, ama kwa kujizuia, ama kwa kutumia kondomu kila mara, pasipo kudhani kwamba jibu la leo ni hati ya maisha.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumezoea kuwasomea wagonjwa, kana kwamba wao peke yao ndio wafichao. Lakini kijana huficha palipo na watu wa kumcheka. Tukiacha kumcheka, tukiacha kumtangaza, tukimpokea kama mgonjwa mwingine yeyote, hatakuwa na sababu ya kwenda kubahatisha vidonge gizani. Kila mmoja wetu aliye na ufunguo wa mlango ule, awe ni wa daftari, wa darasa au wa nyumba, aanze kwa kuutunza ulimi wake.